Seva ya pamoja yenye cPanel: inamfaa nani Mtwara na Lindi, na inaumiza wapi

Ukiuliza Mtwara mjini bei ya kuweka tovuti hewani, utajibiwa kwa GB: GB 5, GB 20, au "bila kikomo". Hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote. Tovuti ya nyumba ya wageni Mikindani yenye picha mia mbili zilizopunguzwa vizuri haifiki GB 1, na orodha ya wakulima 3,000 wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ya korosho ni MB chache tu ndani ya hifadhidata, yaani majedwali ambamo programu inaweka taarifa zake. Ubora wa huduma unajulikana kwa mambo ambayo tangazo halitaji: hifadhidata inalindwaje, bakapu (nakala ya akiba) inarudishwaje, na mpangaji mwenzako kwenye seva hiyo hiyo akidukuliwa wewe unapatwa na nini.

Tunachopima hapa ni kifurushi cha kawaida cha seva ya pamoja, yaani mashine moja inayogawanywa kwa wateja wengi: paneli ya cPanel ya kuendeshea akaunti, hifadhidata za MySQL au MariaDB, na phpMyAdmin ya kuzishughulikia. Kwa lodji, shule, duka na chama cha msingi, kifurushi hiki kinatosha, na hatuoni sababu ya kumshauri mtu wa namna hiyo alipie seva nzima. Ila kinauzwa kana kwamba ukishalipa kila kitu kimeshafanyiwa, na hapo ndipo watu wanapoumia. Muuzaji anatunza mashine. Nywila, ruhusa, msimbo na bakapu unayoweza kuitegemea ni juu yako.

Fikiria nyumba ya kupanga ya Chikongola: vyumba vingi, uwa mmoja, LUKU moja. Mmoja akiwasha jiko la umeme asubuhi, yuniti zinaisha kwa wote. Seva ya pamoja ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Zinazotumia CloudLinux, mfumo endeshi wa seva za pamoja, humpa kila mpangaji mita yake ya prosesa, kumbukumbu na idadi ya michakato, na kwa CageFS, sehemu yake ya kumfungia kila mpangaji peke yake, kila mmoja anaona mafaili yake tu, hata majina ya akaunti za jirani hayaoni. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hilo: kuna CloudLinux na CageFS? Akijibu hapana, au akionekana hajui unauliza nini, tafuta mwingine. Udukuzi unaoruka kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa njia ya viungo vya mafaili (symlink) ni wa siku nyingi, na kizuizi cha namna hiyo ndicho kinachoukata.

Kuunda hifadhidata

Hapa cPanel inastahili sifa. Kazi yote ni hatua tatu, hata mtu asiyejua amri moja ya SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, anaziweza: unaunda hifadhidata, unaunda mtumiaji, kisha unamuunganisha mtumiaji na hifadhidata. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ukiisahau, kosa litakalotokea ni namba 1044, maana yake nywila ni sahihi lakini mtumiaji hana ruhusa kwenye hifadhidata hiyo. Ukiona 1045, jina la mtumiaji au nywila ndiyo mbaya. Kujua tofauti ya namba hizo mbili kunaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Kumbuka pia kiambishi. Akaunti ikiitwa lodjimik, hifadhidata uliyoipa jina tovuti itakuwa lodjimik_tovuti, na mtumiaji uliyemwita mhudumu atakuwa lodjimik_mhudumu. Kwenye wp-config.php, faili la mipangilio la WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), andika jina zima, na seva iwe localhost, yaani mashine hiyo hiyo.

Ukifika kwenye ukurasa wa ruhusa, cPanel inakuwekea kisanduku kimoja juu kabisa: ALL PRIVILEGES. Karibu kila mtu anakitiki na kuendelea. Kwa programu uliyoandikiwa na fundi, ambayo kazi yake ni kusajili na kusoma, usikitiki. Ruhusa nne zinatosha: SELECT (kusoma), INSERT (kuingiza), UPDATE (kubadilisha), DELETE (kufuta). Ikibidi kubadilisha muundo wa majedwali, fanya mwenyewe ndani ya phpMyAdmin. WordPress ni habari nyingine. Ikisasishwa, au ukiongeza plagini (programu ya nyongeza), inahitaji pia ruhusa za kugusa muundo: CREATE, ALTER, INDEX na DROP. Ukiinyima, sasisho litakwama katikati na utabaki na tovuti nusu ya zamani nusu mpya.

Kila programu iwe na mtumiaji wake. Tovuti ya matangazo ya chama na mfumo wa wanachama visitumie mtumiaji mmoja, kwa sababu tundu la SQL, yaani fomu inayomwacha mgeni aingize amri zake kwenye hifadhidata, kwenye tovuti ya matangazo litamfikisha mdukuzi hadi kwenye namba za simu na akaunti za benki za wakulima. Wala usiweke kamwe jina na nywila ya cPanel yenyewe ndani ya programu. Inakubali, na ndiyo hatari yake: mtumiaji huyo anafikia hifadhidata zote za akaunti, na nywila hiyo hiyo ndiyo inayofungua paneli nzima.

Jambo moja halisemwi mara nyingi. Kutenganisha watumiaji wa hifadhidata kunazuia shambulio la SQL lisivuke hadi hifadhidata nyingine, hakuzuii mdukuzi aliyefanikiwa kupandisha faili la PHP, lugha inayoendesha WordPress na programu nyingi za tovuti. Vikoa (anwani za tovuti) vyote vilivyo ndani ya akaunti moja ya cPanel vinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa mfumo, kwa hiyo faili baya kwenye blogu ya zamani uliyoisahau linaweza kusoma wp-config.php ya kila tovuti uliyonayo. Wanachama wa AMCOS wakae kwenye akaunti ya peke yao. Vifurushi viwili vidogo ni salama kuliko kimoja kikubwa.

Kuhamisha data: mahali pa kero

phpMyAdmin, iliyoanza mwaka 1998, ni chombo kizuri cha kutazama jedwali na kurekebisha mstari mmoja. Kwa kuingiza faili kubwa ni dhaifu. Kuna kikomo cha ukubwa wa faili, mara nyingi MB 50, na kikomo cha muda. Ukiwa Newala au Liwale na mtandao wa simu unaopanda na kushuka, faili la MB 40 linaweza kukatika njiani baada ya kula bando. Likandamize kwanza liwe .sql.gz, kwa kuwa SQL ni maandishi matupu na hupungua sana. Kama akaunti ina SSH (njia salama ya kuandika amri kwenye seva ukiwa mbali), na tunashauri usinunue isiyo nayo, pandisha faili kwa SFTP (njia ya SSH ya kupeleka mafaili) kisha lifungue na uingize ukiwa kwenye seva:

gunzip < tovuti.sql.gz | mysql -u lodjimik_mhudumu -p lodjimik_tovuti

Mtumiaji utakayemtaja hapo lazima awe na ruhusa ya kuunda majedwali. Yule mwenye ruhusa nne tu atagoma mstari wa kwanza.

Makosa yatakayokukuta yanajulikana. La 1044 wakati wa kuingiza kwa kawaida linatokana na mstari wa CREATE DATABASE ndani ya faili. Kwenye seva ya pamoja huruhusiwi kuunda hifadhidata kwa amri, ni kwa kupitia cPanel tu. Futa mstari huo na ule wa USE unaoufuata. La 1273, linalolalamikia utf8mb4_0900_ai_ci, linatokea faili likitoka MySQL 8 kwenda MariaDB isiyoujua mpangilio huo wa kulinganisha herufi; badilisha kila mahali kuwa utf8mb4_unicode_ci. La 1227 linahusu DEFINER (jina la aliyeunda) kwenye vyuu (views) na vichochezi (triggers) vilivyoundwa na mtumiaji wa seva ya zamani. Ondoa sehemu hiyo. Na ukiambiwa seva imeondoka, kosa 2006, mara nyingi kuna mstari mmoja wa INSERT uliozidi ukubwa unaoruhusiwa, hasa picha zikihifadhiwa ndani ya hifadhidata. Picha mahali pake ni kwenye folda, hifadhidata ibaki na jina la faili.

Seti ya herufi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kwa baiti, iwe utf8mb4 kuanzia siku ya kwanza. Ile inayoitwa utf8 ndani ya MySQL inaishia baiti 3 kwa herufi, na emoji inahitaji 4; mgeni akituma maoni yenye uso wa furaha, maoni yanakatwa au yanakataliwa. Kwa Kiswahili kuna dalili nyingine ya wazi. Simu nyingi huandika kiritama kilichopinda (’), na programu ikisoma kwa latin1, seti ya zamani ya herufi, data iliyohifadhiwa kwa UTF-8, Ng'apa itaonekana kama Ngâ€™apa. Ukiona hivyo usikimbilie kusahihisha maneno moja moja kwa mkono. Rekebisha seti ya herufi ya muunganisho kwanza, kisha ndipo uangalie kama data yenyewe imeharibika.

Jaribio la Ng'apa

Kata ya Ng'apa iko Manispaa ya Lindi, na jina lake ni kipimo cha usalama kinachopita ahadi nyingi za mafundi. Fungua fomu ya kutafuta au ya kusajili kwenye tovuti yako mwenyewe, andika Ng'apa kwa kiritama kilichonyooka, kisha tuma. Ukurasa ukirudisha kosa 1064 la sintaksia ya SQL, au ukawa mweupe, fundi ameunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri ya SQL. Kiritama kimefunga nukuu kabla ya wakati wake. Mkulima wa Ng'apa ameharibu ukurasa bila kukusudia. Anayekusudia ataandika kitu cha kutoa majedwali yote.

Tiba ni amri zilizoandaliwa, kwa PDO au mysqli, njia mbili za PHP za kuongea na hifadhidata, ambapo amri inatumwa kivyake na thamani kivyake:

$s = $db->prepare("SELECT * FROM wakulima WHERE kata = ?");
$s->execute([$kata]);

Kuondoa viritama kwenye maandishi ya watu sio tiba. Kunaharibu majina ya Kusini na tundu linabaki kwenye sehemu za namba, ambazo hazihitaji nukuu hata kidogo. Maandishi yakirudishwa kwenye ukurasa yapite htmlspecialchars, inayozuia yasisomwe kama msimbo wa ukurasa, na nywila za wanachama zihifadhiwe kwa password_hash, inayozificha. Md5, njia ya zamani ya kuzificha, haifai tena kwa kazi hiyo. Jaribio hili lifanyike kwenye tovuti yako au kwa ruhusa ya mwenyewe, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakufanya mkosaji ukiingia mfumo wa mtu bila idhini.

Wauzaji wengi huwasha ModSecurity, kichujio kinachokamata mashambulio ya kawaida kabla hayajafika kwenye msimbo wako. Kiache kimewashwa. Wakati mwingine kitazuia fomu halali na kurudisha 403, yaani umekataliwa. Mwombe muuzaji aiondoe kanuni hiyo moja kwa namba yake. Kuzima kichujio kizima kwa sababu ya fomu moja ni kung'oa mlango kwa kuwa kitasa kimekwama.

Mafaili

Kwa namba za ruhusa, zinazosema nani asome na nani aandike, mafaili yawe 644, folda 755, na wp-config.php 600. Fundi anayeweka 777 (kila mtu asome na aandike) "ili ifanye kazi" hajatafuta chanzo cha tatizo, na seva nyingi zitamjibu kwa kosa 500. WordPress inakubali wp-config.php ikae folda moja juu ya public_html (folda ya tovuti yenyewe), mahali ambapo kivinjari hakifiki, fanya hivyo. Ndani ya wp-content/uploads weka .htaccess (faili la kanuni za folda) ya kukataza PHP:

<FilesMatch "\.php$">
Require all denied
</FilesMatch>

Folda hiyo ni ya picha na nyaraka. Faili la PHP usilolijua ukilikuta humo, huenda tovuti imeshaingiliwa.

Programu zilizoandikwa kwa Laravel, kiunzi cha PHP, zina mtego wao. Folda ya kufunguliwa kwa umma ni ile ya public peke yake, lakini kwenye cPanel kikoa kikuu kimefungwa kwenye public_html na mteja hawezi kukihamisha. Fundi asiyejua humwaga mradi wote humo, na faili la .env lenye nywila ya hifadhidata linasomeka kwa yeyote atakayeandika anwani yake. Tumia kikoa kidogo (subdomain) au cha kuongeza (addon domain), ambacho folda yake unaichagua mwenyewe. Na angalia kama hujaacha .git (historia ya msimbo) au bakapu.sql ndani ya public_html. Roboti zinayatafuta majina hayo usiku na mchana.

Kuunganisha kutoka nje

cPanel ina sehemu ya kuruhusu MySQL ya mbali, yaani kompyuta ya nje iingie kwenye hifadhidata, na mafundi wa programu za ghala na maduka wanaipenda. Tunaipa alama ya chini kabisa, hasa kwa mazingira yetu. Mtandao wa simu hukupa anwani ya IP inayobadilika na mara nyingi unayotumia pamoja na wateja wengine wengi. Ukiruhusu anwani ya leo, kesho inagoma, na wakati huo huo umewaruhusu watu usiowajua. Mwishoni fundi anachoka, anaandika alama ya %, yaani anwani yoyote, na mlango 3306, ule wa MySQL, unabaki wazi kwa dunia nzima. Kwa matengenezo tumia handaki la SSH:

ssh -L 3307:127.0.0.1:3306 lodjimik@seva-yako

kisha elekeza programu ya hifadhidata kama DBeaver au HeidiSQL kwenye 127.0.0.1, mlango 3307. Programu ya ghala isiongee na hifadhidata moja kwa moja. Iandikiwe kurasa za HTTPS za kupokea na kutoa data.

Msimu wa korosho na kosa 508

Mwaka mzima tovuti ya chama inatembelewa na watu wachache. Ukifika Oktoba minada inaanza, bei inatangazwa, na kila mwenye simu kuanzia Tandahimba hadi Ruangwa anafungua ukurasa ule ule ndani ya dakika zile zile. Hapo ndipo inapotokea 508 Resource Limit Is Reached. Kikomo cha michakato inayoingia kwa mara moja mara nyingi ni 20. Ukurasa ukichukua sekunde 2 kutengenezwa, unahudumia kurasa 10 kwa sekunde. Ukichukua nusu sekunde, 40. Kununua kifurushi chenye GB nyingi hakubadilishi hesabu hii.

Weka plagini ya kashe ili ukurasa wa bei utoke kama faili lililokwisha kuandaliwa, bila kugusa PHP wala hifadhidata. Kwa mfumo wa wanachama, weka faharasa kwenye safu inayotafutwa:

ALTER TABLE wakulima ADD INDEX (namba_mwanachama);

na uthibitishe kwa amri ya EXPLAIN kwamba inatumika. Utafutaji wa LIKE (wa sehemu ya neno) wenye % mwanzoni hauwezi kutumia faharasa hiyo, utasoma jedwali zima kila mara. Ukipata kosa 1203 au 1226 kuhusu max_user_connections, kikomo cha miunganisho ya mtumiaji mmoja, angalia kama msimbo unaacha miunganisho ya kudumu. Kwenye seva ya pamoja izimwe.

Majedwali yawe ya aina ya InnoDB. MyISAM, aina ya zamani, hufunga jedwali zima wakati wa kuandika, na seva ikizimika ghafla linaweza kuharibika. Kitufe cha cPanel cha kutengeneza hifadhidata kinasaidia MyISAM, InnoDB hakiigusi.

Bakapu

Bakapu za muuzaji ni za ziada. Soma masharti yake: wengi hawatoi dhamana yoyote, na nyingine zinakaa kwenye mashine ile ile. Yako ianze hivi. Nje ya public_html tengeneza folda ya bakapu, na kwenye folda ya nyumbani faili la .my.cnf lenye ruhusa 600 na jina na nywila ya mtumiaji wa hifadhidata chini ya mstari wa [client]. Kisha kwenye kazi za cron, yaani amri zinazojiendesha kwa ratiba:

mysqldump --single-transaction --no-tablespaces lodjimik_tovuti | gzip > /home/lodjimik/bakapu/tovuti-$(date +\%F).sql.gz

Mkwaju wa nyuma (\) uliotangulia % ni wa lazima. Kwenye cron alama ya % peke yake ina maana ya mstari mpya, amri inakatika hapo, na utakuja kugundua miezi mitatu baadaye kwamba folda ni tupu. Bila --no-tablespaces MySQL za sasa zitadai ruhusa ya PROCESS, ambayo mpangaji hapewi. Majedwali yakiwa bado ya MyISAM, --single-transaction haiyalindi. Saa nayo ina mtego: saa 8 usiku ya kwetu ni 2 kwenye cron kama seva inafuata saa ya Afrika Mashariki, na 23 kama inafuata UTC, saa ya kimataifa. Za zamani zifutwe zenyewe:

find /home/lodjimik/bakapu -name "*.sql.gz" -mtime +14 -delete

Nakala moja kwa wiki ishuke kwenye kompyuta ya ofisi au diski ya nje. Na mara moja kwa mwezi unda hifadhidata ya jaribio, ingiza faili la karibuni, uhesabu mistari ya jedwali kuu. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Cheti, mahali pa seva, na sheria

Cheti cha HTTPS hakina haja ya kulipiwa. AutoSSL ya cPanel inakitoa na kukifanya upya yenyewe. Kikigoma, mara nyingi DNS (rekodi inayoelekeza kikoa kwenye seva) ya kikoa au ya www inaelekea seva ya zamani. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili kwenye cPanel. Ni kazi ya dakika mbili.

Seva iwe wapi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana. Siku kama hiyo, tovuti iliyo Dar es Salaam ina nafasi nzuri zaidi ya kumfikia msomaji wa Masasi kuliko iliyo Ulaya, mradi muuzaji ameunganishwa vizuri na mitandao ya ndani. Lodji yenye wageni wa kutoka Ulaya inaweza kuamua tofauti, na hatuoni kosa. Mwenye kukusanya majina, simu na akaunti za benki afikirie zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Chama cha msingi hakijasamehewa kwa sababu kiko kijijini.

Kuondoka

Mteja wa cPanel anaweza kupakua bakapu kamili ya akaunti, ila hawezi kuirudisha mwenyewe. Ni muuzaji mpya anayeiweka kupitia WHM, paneli ya upande wa muuzaji. Bakapu za sehemu, yaani folda ya nyumbani na hifadhidata kila moja kivyake, unazirudisha kwa mkono wako. Kwa hiyo pakua za aina zote mbili kabla hujamwambia muuzaji kwamba unahama. Kabla ya yote hakikisha kikoa chako cha .co.tz au .or.tz kimesajiliwa kwa jina la taasisi na barua pepe yenu, maana kikiwa kwa jina la fundi aliyekwisha hama mji, mafaili yote unaweza kuwa nayo na anwani ukawa huna.